Uvundo Wetu, Riziki Yao: Karne Moja na Nusu ya Kichujio Hai

Tangu zamani binadamu amepambana na uvundo kwa njia nne: kuukimbia, kuufunika, kuuchoma na kuufukia. Anayeukimbia hupeleka jaa nje ya mji, na mji ukikua hulifuata huko huko. Anayeufunika hufukiza udi na ubani, kama ilivyo desturi ya pwani yetu, na nyumba hunukia mpaka makaa ya chetezo yazimike. Anayeuchoma sharti awe na kuni au mafuta ya kutosha. Anayeufukia huchota udongo mkavu, akaumwaga juu ya kilichooza, akaenda zake. Njia hii ya nne ilikuwa ya watu wa kawaida. Haikuhitaji fedha wala fundi, na mara nyingi ilizishinda zile tatu. Hata hivyo, ilipita miaka mingi kabla mtaalamu yeyote hajaweza kusema kwa nini.

Jibu lilikuwa ndani ya udongo wenyewe. Udongo una wakazi wasioonekana kwa macho, na kwa wakazi hao vitu vinavyotunukia vibaya ni chakula. Siku hizi jibu hilo limejengewa mitambo iitwayo vichujio hai. Kwenye vituo vya kusafisha majitaka, viwanda vya vyakula, machinjio na mabanda makubwa ya mifugo huko Ulaya, Marekani na Asia, hewa chafu hunyonywa kwa feni, ikapitishwa kwenye tabaka la mboji au vipande vya miti, na kutoka upande wa pili ikiwa karibu haina mnuko. Hakuna moto. Kazi hufanywa na bakteria na kuvu. Na waliotufikisha hapo, wengi wao walikuwa wakitafuta jambo jingine kabisa.

Hofu ya harufu

Katikati ya karne ya 19, madaktari na viongozi wengi wa Ulaya waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo ugonjwa wenyewe. Edwin Chadwick, mtetezi mkubwa wa usafi wa miji nchini Uingereza, aliiambia kamati ya Bunge mwaka 1846 kwamba kila uvundo ni maradhi. Daktari John Snow alipoonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho, London, kilitoka kwenye maji ya pampu, wakubwa wengi hawakumsadiki.

Kikaja kiangazi cha 1858. Joto lilizidi, na kinyesi cha mji wenye watu zaidi ya milioni mbili kikachacha ndani ya mto Thames, kando ya jengo la Bunge. Mapazia ya jengo hilo yalilowekwa kwenye chokaa yenye klorini ili wabunge waweze kukaa ndani. Sheria ya kuusafisha mto, iliyokuwa imepigwa danadana kwa miaka, ikapita ndani ya wiki chache. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makubwa ya kuyachukua majitaka na kuyatupa mbali, mashariki ya mji.

Imani ya kwamba harufu ni ugonjwa ilikuwa potofu, lakini iliacha mambo mawili. Kwanza, uvundo uliacha kuwa aibu ya nyumba moja ukawa shauri la serikali. Pili, miji mingi duniani iliifuata London, ikayazika majitaka ndani ya mabomba marefu, yenye giza na hewa haba. Humo uvundo mwingine, mkali kuliko ule wa mtoni, ulianza kupikwa.

Kasisi na udongo mkavu

Mwaka 1859, wahandisi wakiwa bado na ramani zao, kasisi Henry Moule wa Fordington, katika jimbo la Dorset, alichoshwa na shimo la choo cha nyumba yake. Alilifunga, akaagiza kinyesi kikusanywe kwa ndoo na kufukiwa juu juu bustanini. Baada ya wiki tatu au nne alifukua asione kitu. Akajaribu kukichanganya na udongo mkavu, na mnuko ukakatika. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba udongo ule ule, ukikaushwa, ungeweza kutumika tena na tena bila kuchoka.

Mwaka 1860 Moule alipata hataza ya choo cha udongo: mtu anavuta mpini, na udongo mkavu unamwagika kutoka kwenye sanduku la nyuma. Vyoo hivyo viliingia kwenye kambi za jeshi, magereza na shule, vikafika hata India. Wengi walidhani udongo unanyonya harufu tu. Lakini kitu kinachonyonya hujaa, na udongo wa Moule haukujaa. Swali hilo lilibaki wazi kwa karibu miaka ishirini.

Siku 20 za kungoja

Waliolijibu walikuwa Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz. Walitaka kujua jinsi amonia, ile harufu ya mkojo inayochoma pua, inavyogeuka kuwa naitreti inayorutubisha mimea. Mwaka 1877 walijaza mrija mrefu wa kioo kwa mchanga na chokaa, wakayapitisha majitaka humo pole pole. Kwa siku 20 hakuna kilichobadilika. Baada ya hapo naitreti ikaanza kutoka, na amonia ikatoweka.

Zile siku 20 ndizo zilizobeba ushahidi. Kama mchanga na chokaa ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi, kazi ingeanza siku ya kwanza. Aliyehitaji muda ni kiumbe anayezaliana. Ili kuhakikisha, waliingiza mvuke wa klorofomu, dawa ya usingizi inayozima uhai wa vijidudu, na kazi ikasimama. Walipoiondoa klorofomu na kumwagia maji yaliyochanganywa na udongo kidogo wa bustani, kazi ikaanza upya. Basi udongo ulikuwa hai, na usafi wake ulitokana na uhai huo.

Mrusi Sergei Winogradsky akalisogeza jambo mbele. Akiwa Strasbourg mwaka 1887, alichunguza bakteria aitwaye Beggiatoa, akaeleza kwamba kiumbe huyo hupata nguvu ya kuishi kutokana na hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Miaka mitatu baadaye, akiwa Zurich, aliwatenga bakteria wanaoishi kwa amonia. Kabla yake ilidhaniwa kwamba kila kiumbe lazima ale kilichotokana na kiumbe mwenzake, au aote juani kama mmea. Winogradsky alionyesha kundi la tatu, linaloishi kwa kuunguza gesi na chumvi zisizo na uhai. Miongoni mwa gesi hizo zilikuwemo mbili zinazoongoza kwa kunuka majaani na vyooni.

Hapo msingi wa kichujio hai ulikuwa umekamilika kwa nadharia. Lakini hakuna aliyekijenga, kwa sababu macho ya wahandisi yalikuwa kwenye maji. Vijidudu vilipewa kazi ya kusafisha majitaka kwenye matabaka ya mawe na mchanga, na tangu mwaka 1914, baada ya majaribio ya Edward Ardern na William Lockett mjini Manchester, kwenye matangi yanayopuliziwa hewa. Hewa iliyotoka kwenye majitaka hayo iliachwa iende na upepo.

Mla zege

Mwaka 1922, huko New Jersey, Marekani, Selman Waksman na Jacob Joffe walieleza habari za bakteria mpya waliyemtoa kwenye mchanganyiko wa udongo, salfa na mawe ya fosfeti. Bakteria huyo, waliyemwita Thiobacillus thiooxidans, hula salfa na kutoa asidi ya salfuriki, kisha huendelea kustawi ndani ya ukali unaoua karibu kila kiumbe kingine. Waksman alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa dawa ya streptomaisini, lakini wahandisi wa majitaka wana sababu yao nyingine ya kumkumbuka.

Mwaka 1923, Mjerumani H. Bach aliandika juu ya kutumia vijidudu kuondoa hidrojeni salfaidi kwenye vituo vya majitaka. Wazo hilo lilipita bila kelele. Kilicholifufua ni hasara.

Mabomba ya zege yaliyotandazwa chini ya miji yenye joto yalikuwa yakibomoka kutoka juu, sehemu isiyoguswa na maji. Mwaka 1945, C. D. Parker wa Melbourne, Australia, alieleza sababu. Majitaka yakikaa bila hewa hutoa hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hupanda hadi kwenye paa la bomba, ambako kuna unyevu na hewa kidogo. Hapo bakteria wa jamii ile ya Waksman huila, hutoa asidi, na asidi hula zege. Mabomba yaliyojengwa ili kuumaliza uvundo yalikuwa yakilisha kiumbe anayeyabomoa.

Huko kusini mwa California, Richard Pomeroy alikuwa ameshughulika kwa miaka na salfaidi ya mabomba. Yeye aliliona jambo hilo kwa upande wa pili: ikiwa bakteria wanaila gesi kwenye paa la bomba bila kuombwa, kwa nini wasipewe makao mahali ambapo hawatamdhuru mtu? Mwaka 1957 alipata hataza ya Marekani ya kuondoa harufu kwenye hewa kwa kutumia vijidudu. Njia yenyewe ilikuwa nyepesi: hewa ya bomba la majitaka husukumwa kwenye mirija yenye matundu iliyofukiwa ardhini, ikapanda pole pole kupitia udongo. Ile kazi ya kasisi Moule ikarudi, safari hii ikiwa na feni, na mwenye nayo akijua ni nani anayeifanya.

Bado wapo waliosema udongo unanyonya tu. Mwaka 1966, D. A. Carlson na C. P. Leiser wa jimbo la Washington walichapisha matokeo ya vitanda vya udongo vilivyosafisha hewa ya majitaka, wakaonyesha kwamba vijidudu ndivyo vilivyoondoa harufu. Tangu hapo ubishi ulipungua, na swali likawa la kihandisi: kitanda kiwe na ukubwa gani, na kijazwe nini?

Sheria yaingia kazini

Udongo una kasoro moja kubwa. Hewa hupita humo kwa shida, kwa hiyo eneo kubwa linahitajika. Katika miaka ya 1960 na 1970, Wajerumani na majirani zao waligeukia mboji, magome na vipande vya miti, vitu vyenye nafasi za kupitisha hewa na vilivyojaa vijidudu tangu mwanzo. Viwanda vya mboji vyenyewe vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kunufaika: kilichotokana na taka kikatumika kusafisha harufu ya taka.

Msukumo ulitoka pande mbili. Upande mmoja ni bei. Mafuta yalipopanda kuanzia mwaka 1973, kuchoma hewa chafu kwa moto kukawa anasa. Upande wa pili ni majirani. Miji ilikuwa imevifikia viwanda, na watu hawakukubali tena kuambiwa wafunge madirisha. Japani ilitunga sheria ya kudhibiti harufu mbaya mwaka 1971, ikianza na vitu vitano, amonia na hidrojeni salfaidi vikiwemo. Mjini Tokyo ukabuniwa utaratibu wa mifuko mitatu: miwili ina hewa safi, mmoja una harufu iliyopunguzwa nguvu, na mnusaji hutakiwa autambue. Ulaya nayo ilipitisha mwaka 2003 kiwango cha pamoja, kinachopima harufu kwa kuangalia ni mara ngapi hewa inapaswa kupunguzwa nguvu hadi nusu ya wanusaji wasiisikie. Pua ya binadamu, inayoisikia hidrojeni salfaidi ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni, ikawa kipimo kinachokubalika kisheria.

Sheria ikishauliza kiasi, mtambo nao lazima ujibu kwa hesabu. Kazi hiyo ilifanywa zaidi Uholanzi. Simon Ottengraf na wenzake wa Eindhoven walitoa mwaka 1983 milinganyo inayoeleza jinsi gesi inavyohama kutoka hewani na kuingia kwenye utando mwembamba wa maji na vijidudu, na kasi inayoliwa nayo humo. Ujerumani ikatoa mwongozo wa kihandisi wa vichujio hivyo. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi hizo mbili zilikuwa na mamia ya vichujio, na Marekani, alikotoka Pomeroy, ilikuwa ikienda Ulaya kujifunza.

Kinachotokea ndani

Kitanda cha kawaida kina kina cha mita 1 hivi. Kila mita ya mraba hupitisha kama mita za ujazo 100 za hewa kwa saa, kwa hiyo kiwanda kinachotoa mita za ujazo 10,000 kwa saa kinahitaji eneo la mita za mraba 100, sawa na uwanja wa nyumba moja. Hewa hukaa kitandani nusu dakika hivi. Muda huo unatosha gesi kuyeyuka kwenye unyevu uliofunika kila kipande cha mti, na unyevu huo ndio wanamoishi bakteria. Amonia huwa naitreti. Hidrojeni salfaidi huwa salfeti. Mivuke ya rangi, mafuta na vyakula huishia kuwa kaboni dioksidi na maji. Kila kundi lina walaji wake, na walaji hao huongezeka chakula kinapokuja na hupungua kinapokosekana.

Adui wa kwanza ni ukavu. Hewa inayopulizwa mfululizo hukausha kitanda, hufungua nyufa, na hewa chafu hupitia kwenye nyufa bila kuguswa. Adui wa pili ni asidi ile ile iliyobomoa mabomba: panapokuwa na salfaidi nyingi, mboji huchachuka na kuoza mapema. Baadhi ya wahandisi huchanganya chokaa au maganda ya chaza ili kupunguza ukali. Wengine waliiacha mboji kabisa, wakatumia mawe ya volkano au plastiki inayonyeshewa maji mfululizo, ambamo bakteria wapenda asidi hustawi bila kuharibu kitu.

Aina hii ya mwisho ilitoa ushindi mkubwa mwaka 2003. David Gabriel na Marc Deshusses wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichukua mnara wa kusafishia hewa kwa kemikali katika kituo cha majitaka cha Orange County. Wakaondoa kemikali, wakaweka sponji maalumu, na kuumwagilia kwa maji ya kituo hicho hicho yaliyokwisha kusafishwa. Hewa ilikaa ndani kwa sekunde 2 hivi tu, na karibu hidrojeni salfaidi yote iliondolewa. Wataalamu wengi walikuwa wameshikilia kwamba vijidudu haviwezi kasi hiyo.

Mipaka ipo. Moshi wa moto huua vijidudu, vumbi huziba kitanda, na baadhi ya kemikali zenye klorini haziliwi kwa urahisi. Injini ya gari haiwezi kufungwa kitanda cha mboji. Kichujio hai kinafaa palipo na hewa nyingi, ya uvuguvugu, yenye unyevu na iliyobeba uvundo kiasi.

Mpaka mkubwa zaidi uko kwa binadamu. Mwaka 2018 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, waliripoti kwamba mitambo iliyofungwa kwenye mabanda ya nguruwe, inayounganisha vijidudu na njia nyingine, ilikuwa ikiondoa harufu kwa kiwango cha chini sana kuliko kilichoandikwa kwenye vibali. Vibali vilikuwa vimetolewa na mabanda yalikuwa yamejengwa karibu na makazi, lakini pua za majirani zilikuwa na habari nyingine. Kichujio hai ni mfugo. Kinataka maji, chakula cha kadiri na mtu wa kukitazama kila siku. Anayekifunga na kukisahau atanunua uvundo kwa bei ya mtambo.

Na sisi?

Historia hii haikuanzia kwetu, lakini vifaa vyake viko kwetu. Makumbi ya nazi yamekwisha kutumika kama kijazo cha vichujio hivi katika nchi nyingine, na pwani ya Kenya na Tanzania haina uhaba wa makumbi. Mboji ipo, magome yapo, maganda ya chaza yapo. Joto letu, linalofanya majitaka yachache haraka, ndilo pia linalowafanya bakteria wale haraka. Kichujio hakitaponya mabwawa ya wazi ya majitaka, kwa sababu hewa isiyokusanywa haiwezi kuchujwa. Lakini vituo vya pampu, machinjio, viwanda vya ngozi na vya unga wa samaki vina vyumba na matangi yanayoweza kufunikwa na kuwekewa feni. Hata wenye mitambo ya gesi ya samadi, ambayo injini zake huliwa na salfaidi, wanaweza kutumia bakteria hao hao kwa kuingiza hewa kidogo tu, iliyopimwa kwa uangalifu, kwenye tangi la gesi.

Historia hiyo inaonyesha pia kwamba hakuna nchi iliyoweka vichujio hivi kwa sababu viwanda viliona haya. Viliwekwa baada ya watu kulalamika, sheria kutungwa na harufu kupimwa. Kenya ina sheria ya mazingira tangu mwaka 1999, Tanzania ina yake tangu 2004, na zote mbili zinatambua haki ya mtu kuishi katika mazingira safi. Haki hiyo inahusu pia hewa tunayoivuta. Halmashauri zinapotoa kibali cha machinjio au kiwanda karibu na makazi, ziulize hewa yake itapitia wapi kabla ya kumfikia jirani, na zidai jina la mfanyakazi atakayekimwagilia maji kitanda hicho. Swali la pili likikosa jibu, kibali kisitolewe.